Sukari Iliyosomeka Shari

Siku ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, Bi Kuruthumu alisimama kwenye mlango wa jiko la mgahawa wake mjini Kasulu, akajifuta mikono kwa ncha ya kanga, akatamka maneno yaliyomuunguza Skolastika kuliko mafuta ya maandazi yaliyokuwa yakichemka mbele yake.

"Mgahawa wa Kibondo tutaufungua mwezi wa nane, Mungu akipenda," alisema. "Msimamizi wake atakuwa Esteri."

Marselino, mchoma nyama, aligonga koleo lake kwenye bati kwa furaha. Wasichana wawili wa kuosha vyombo wakapiga vigelegele. Skolastika naye alipiga makofi, na unga uliokuwa viganjani mwake ukaruka ukamwingia machoni. Akashukuru kwa hilo, maana alipata sababu ya kujifuta.

Skolastika alikuwa mama wa watoto wanne, na kwa kuwa mkubwa wao ni Bazilio, mgahawa mzima ulimwita Mama Bazilio. Alikuwa ameikanda ngano ya Bi Kuruthumu kwa miaka tisa. Esteri alikuwa na miaka miwili tu pale. Alikuja kutoka Mabamba, kule Kibondo inakotazamana na Burundi, akiwa na mfuko mmoja wa nguo, hajui hata kukunja chapati ili zipate matabaka. Aliyemfundisha kukunja ni Skolastika. Aliyemwonyesha namna ya kuondoa chumvi kwenye migebuka, wale samaki wakavu wa Ziwa Tanganyika, ni Skolastika. Lakini Esteri alikuwa amesoma hadi darasa la saba na alisoma vizuri. Wateja walipoandika maagizo yao ya chakula cha sherehe, karatasi zilipelekwa kwake. Taratibu, kwa njia ya karatasi hizo, mwanafunzi akawa mbele na mwalimu akabaki kwenye karai la mafuta.

Ndiyo maana, mwanzoni mwa mwaka ule, Skolastika alijiandikisha katika darasa la watu wazima. Kwa mumewe alisema anataka kusoma Biblia mwenyewe. Ilikuwa kweli kwa kiasi fulani. Sehemu kubwa ya ukweli ni kwamba alitaka siku moja karatasi ya maagizo iletwe, Esteri anyooshe mkono kuipokea, na yeye awe ameshaisoma.

Darasa lilikutana Jumanne na Alhamisi alasiri katika shule ya msingi iliyo karibu na nyumbani kwake, chini ya Mwalimu Tharsisi, mzee mstaafu mwenye subira nyingi na utani mwingi. Skolastika alikuwa mwepesi wa kusoma na mzito wa kuandika. Herufi moja ilimsumbua kuliko zote.

"Mama Bazilio, tazama hii k yako," Mwalimu alimwambia mara kwa mara. "Imefunga miguu. Inasimama kama mtu aliyefungwa kanga ya kubana. Ukiiandika hivi inasomeka h. K ni mtu anayepiga hatua. Mfungue miguu atembee."

Darasa zima la akina mama lilicheka, na Skolastika alicheka nao, lakini k yake haikufungua miguu.

Tangu mwezi wa nne, jambo jingine lilianza kumla roho. Esteri alikuwa anakonda.

Alikonda kwa namna ambayo Skolastika, aliyenenepa baada ya kila uzazi asirudi tena nyuma, aliiona kuwa ni kumtukana yeye. Kiuno kilijitokeza. Gauni za zamani zilimpwaya, akaanza kuvaa mkanda mwekundu mpana na kuufunga kwa mbele, juu ya aproni, ili kila mtu auone.

"Dada Esteri, huyo anayekukondesha tumjue na sisi," Marselino alimtania.

"Mtamjua siku ya mahari," Esteri alijibu.

"Basi mwambie akuache kidogo. Ukiendelea hivi, tutakuwa tunakutafuta nyuma ya mwiko."

Wote walicheka. Skolastika alikandamiza donge la ngano hadi likalia.

Na Esteri alikunywa maji kupita kiasi. Aliweka chupa kubwa kando ya jiko, akaimaliza, akaijaza, akaimaliza tena. Kila baada ya muda mfupi aliomba radhi na kutoka kwenda chooni, uani. Skolastika alianza kumhesabia. Kabla ya chakula cha mchana tu, mara saba. Kwa mwanamke mwenye wivu, mara saba zilikuwa na maana moja tu: huko uani kuna simu inayopigwa, na mwisho wa simu hiyo kuna mwanamume, na mwanamume huyo ndiye aliyeununua mkanda mwekundu. Wiki moja kabla ya habari ya Kibondo kutangazwa, alimfuata Bi Kuruthumu kando na kumwambia kwa sauti ya mtu anayejali kazi, "Shikamoo, Bi Kuruthumu. Sipendi kusema ya mwenzangu, lakini sufuria zinaungua kwa sababu ya kutoka nje kila saa."

Bi Kuruthumu alimkemea Esteri mbele ya wote. Tangu siku hiyo Esteri alijizuia kutoka, akisimama mbele ya sufuria huku amebana magoti. Skolastika alimwona, na akapata raha aliyoijua kuwa ni mbaya, lakini ilikuwa raha.

Jumanne, tarehe 17 Juni, Mwalimu Tharsisi aliingia darasani na vipeperushi alivyopewa na mhudumu wa afya. Vilikuwa vya somo la kusoma kwa sauti. Zamu ya Skolastika ilipofika, alisimama, akaweka kidole chini ya mstari, akaanza kuvuta silabi moja baada ya nyingine.

"Da-li-li za ki-su-ka-ri. Ki-u isi-yo-ka-ti-ka."

"Vizuri. Endelea."

"Kwe-nda ha-ja ndo-go ma-ra kwa ma-ra."

Kidole chake kilisimama. Akausoma tena mstari neno kwa neno, safari hii bila kuvuta.

"Kukonda bila sababu," aliendelea, na sauti ikaanza kumpungua. "Uchovu. Macho kuona ukungu. Kidonda kisichopona haraka. Asiyetibiwa anaweza kupoteza fahamu, na anaweza kufa."

"Umesoma bila kujikwaa hata mara moja, Mama Bazilio," alisema Mwalimu. "Mpigieni makofi."

Darasa lilimpigia makofi. Skolastika aliketi. Mbele ya macho yake alikuwa anaiona chupa ya maji, na magoti yaliyobanwa, na kisigino cha Esteri kilichochubuliwa na kandambili tangu Pasaka, ambacho mpaka siku hiyo kilikuwa kimefungwa kitambaa. Alikumbuka pia jambo alilowahi kulichekea: sisimizi waliojipanga ukingoni mwa choo cha uani kama waliopewa taarifa ya karamu, kumbe walifuata sukari ya mkojo.

Hapa ndipo ilipompasa kuamka kesho yake asubuhi na kusema. Hakusema.

Alijiambia kwamba yeye si daktari. Alijiambia kwamba watu wangesema anamtabiria mabaya mwenzake aliyepandishwa cheo. Sababu hizo zote mbili zilikuwa na ukweli wake, na alizitumia kufunika ya tatu, ambayo hakuthubutu kuitazama: Esteri akilala kitandani, Kibondo itahitaji msimamizi mwingine. Alijiona ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, akipokea karatasi za maagizo na kuzisoma. Aliiona hata rangi ya kiti hicho.

Siku zilipita. Esteri alitia chumvi mara mbili kwenye maharage kwa sababu hakuona kwamba ameshaitia. Alisahau majina ya wateja. Akimaliza maji alinunua soda, kwa kuwa soda, alisema, ndiyo inayomrudishia nguvu, na dakika chache baadaye kiu ilirudi kubwa kuliko kwanza. Skolastika aliona yote hayo akiwa na elimu kifuani. Alikuwa mtu pekee katika jiko lile aliyejua anachokitazama.

Siku ya tisa, ambayo ilikuwa Alhamisi, tarehe 26, alimkuta Esteri stoo, ameketi juu ya gunia la mchele, amelala kwa kukaa. Mdomo ulikuwa umekauka hadi umepasuka. Akiwa usingizini alionekana mzee. Skolastika alimtazama, na wivu wake, uliozoea kukuta mwanamke wa kumwonea wivu, ukakosa mahali pa kushika.

Alitaka kumwamsha aseme. Angeanzia wapi, yeye aliyemsemea kwa bosi? Ndipo likamjia wazo la kuandika. Nitasema kweli yote: katika wazo hilo pia mlikuwa na kiburi kidogo. Hiyo ingekuwa barua ya kwanza maishani mwake, na ingesomwa na Esteri mwenyewe. Alichana ukurasa kwenye daftari lake, akaandika haraka kabla moyo haujabadilika, akaukunja, akautumbukiza kwenye mfuko wa aproni ya Esteri.

Saa nane mchana, wateja walipopungua, Esteri aliikuta karatasi. Aliinyoosha mbali kwa urefu wa mkono, akaisogeza karibu, akakunja uso, akaisoma kwa sauti jikoni, polepole kama mtu asiyeamini.

"'Dada Esteri nimekuchunguza nimeona una shari. Usione aibu. Nenda ukapimwe kabla hujaenda Hibondo.'"

Kisha Marselino akaangua kicheko.

"Shari inapimwa hospitali gani? Na hiyo Hibondo iko wilaya gani, jamani, tuiombee barabara?"

"Nani ameandika?" aliuliza Esteri, ingawa macho yake yalikuwa yameshamfikia Skolastika.

"Mimi," alisema Skolastika. "Lakini sikuandika hivyo. Nimeandika—"

"Umeandika nina shari. Mimi." Esteri hakupaza sauti. "Dada, mimi nakuheshimu kama mkubwa wangu. Sijawahi kugombana na mtu hapa. Lakini kwetu Mabamba, kwa Kirundi cha nyumbani, tuna neno linalofanana na hilo. Tunasema *ishari*. Maana yake ni wivu. Sasa tutazamane vizuri. Kati yangu mimi na wewe, mwenye ishari ni nani?"

Jibu wote walikuwa nalo. Bi Kuruthumu, aliyekuwa amefika mlangoni, alisema tu, "Mama Bazilio, sikutegemea hilo kwako," akarudi mbele. Esteri aliitupa karatasi sakafuni. Skolastika aliiokota, akaiweka kifuani bila kuitazama. Usiku ule aliamini kwa moyo wote kwamba Esteri alilisoma neno lile vibaya kwa makusudi, ili amwaibishe. Wivu unajua kumpa mtu maelezo ya kila jambo. Akaapa kwamba asingesema tena.

Jumamosi asubuhi Bi Kuruthumu na Esteri walikuwa na safari ya Kibondo kwenda kukagua jengo. Skolastika aliagizwa kuwabebea mzigo wa sufuria hadi stendi. Alitembea nyuma yao hatua kumi. Walipofika, Bi Kuruthumu alikwenda dirishani kukata tiketi, na wanawake wawili wakabaki kando ya gari. Esteri alilitazama gari, akalitazama tena, kisha, kama mtu aliyeshindwa, akageuka.

"Dada, hebu nisaidie. Hili ndilo la Kibondo? Kibao chake kimejaa vumbi."

Skolastika alitazama. Kibao kilikuwa kimefutwa asubuhi ile ile, kipya, cheupe, na maandishi mekundu makubwa kama viganja.

"Ndilo," alisema. "Kimeandikwa Kibondo."

Kwa dakika moja alionja kile alichokuwa akikitamani tangu mwaka uanze: Esteri hakuweza kusoma na yeye aliweza. Dakika ilipopita, ladha ikawa nyingine kabisa. Bi Kuruthumu aliporudi, Esteri alipanda ngazi akipapasa mlango kwa mkono, na gari likaondoka.

Skolastika alibaki amekiangalia kibao mpaka gari lilipopinda. K ile kubwa, nyekundu, ilikuwa imefungua miguu kama mtu anayepiga hatua. Polepole aliitoa karatasi kifuani, akaikunjua, akatafuta neno la mwisho. *Hibondo*. Alikuwa ameandika Hibondo kweli. Akapandisha kidole kwenye mstari wa juu, kwenye lile neno jingine. Kwa haraka ya mkono aliliandika kama vinywa vya pale vinavyolitamka, *skari*, na u ameimeza. Na k yake, kama ile ya Hibondo, ilikuwa imefunga miguu kuliko nyingine zote. S, h, a, r, i. Hakuna aliyekosea kusoma ila macho yaliyokuwa na ukungu na mkono uliokuwa na haraka.

Aliketi kwenye jiwe la stendi. Angeweza kurudi jikoni. Nusu saa baadaye, gari la pili la Kibondo lilipowashwa, alikuwa ameketi ndani yake, na aproni mwilini.

Walipita Makere, wakapita mashamba ya maharage yaliyokwisha kung'olewa, wakapita Busunzu. Njia nzima alirudia kimoyomoyo maneno aliyopaswa kuyasema, na kila alipofika kwenye maneno ya mwisho, ya kuungama makosa yake, aliyaruka.

Jengo la Bi Kuruthumu mjini Kibondo halikuwa gumu kulipata. Bi Kuruthumu mwenyewe alikuwa nyuma na fundi, wakibishana juu ya paa. Esteri alikuwa ndani, ameegemea ukuta juu ya benchi, na chupa mbili tupu za soda miguuni. Pumzi yake ilikuwa nzito.

"Dada, umefuata nini huku?" alisema. "Shari haijaisha?"

"Ndiyo iliyonileta."

Ukutani palikuwa na ubao mweusi mpya, uliowekwa kwa ajili ya orodha ya vyakula, na kipande cha chaki juu yake. Skolastika alikichukua. Aliandika taratibu, herufi kwa herufi, na alipofika kwenye k alisimama, akavuta pumzi, akaifungua miguu.

"Soma."

"Sioni vizuri."

"Sogea."

Esteri aliinuka akishika ukuta. Alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa ubao. "Su-ka-ri," alisema.

"Hilo ndilo nililotaka kuandika. Darasani tumesoma dalili zake, na zote unazo. Kiu, choo, kukonda, macho, hicho kisigino. Twende tukapime leo."

"Na lile nililolisoma?"

Hapo ndipo yalipokuwa yale maneno aliyoyaruka njia nzima. Skolastika aliweka chaki chini.

"Lile nalo ni kweli, isipokuwa halikuwa lako. Ishari ninayo mimi. Niliitaka Kibondo. Mimi ndiye niliyekusemea kwa Bi Kuruthumu juu ya kutoka nje. Na karatasi ya ugonjwa huu nilikaa nayo siku tisa, Esteri. Nilikuwa najua, nikakutazama."

"Siku tisa," Esteri alirudia.

"Siku tisa."

Esteri alirudi kwenye benchi, akaketi.

"Mimi nilidhani ni ule mwingine," hatimaye Esteri alisema. "Ule uliomwondoa dada yangu mkubwa. Yeye naye alianza kwa kukonda hivi hivi. Nikaogopa kupima. Nikanunua mkanda, nikaufunga juu ya aproni, ili watu waone kwamba nakonda kwa kupenda mwenyewe. Nilisema, wakinionea wivu, hawatanihurumia."

Skolastika aliutazama ule mkanda mwekundu alioutamani kwa miezi mitatu. Ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari, manne, moja baada ya jingine.

"Kwangu ulifanya kazi yake," alisema.

Esteri alicheka kicheko kifupi kikavu, akanyoosha mkono, na Skolastika akaushika akamwinua. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimchoma ncha ya kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine ndogo, akasubiri. Mashine iliandika ishirini na nne. Muuguzi alisema hata mtu aliyetoka kula sasa hivi hatakiwi kufika kumi na moja, akaita daktari, na Esteri hakutoka pale siku hiyo. Alitundikiwa maji na kuanzishiwa dawa. Daktari aliwaambia kwamba wangechelewa siku chache nyingine, mazungumzo yangekuwa ya namna nyingine. Wakampima pia ule mwingine aliouogopa. Hakuwa nao.

Esteri alilazwa siku sita. Mwezi wa nane mgahawa wa Kibondo ulifunguliwa, na msimamizi alikuwa yeye, akiwa na dawa zake, kadi yake ya kliniki, na macho yaliyorudi kuona. Skolastika alibaki Kasulu kwenye karai la mafuta, na karatasi za maagizo sasa zinasomwa na yeye.

Nisingependa kudanganya kwamba wivu ulikwisha. Picha ya ufunguzi ilipofika kwenye simu ya Marselino, Esteri amesimama mlangoni kando ya kiti cha plastiki, Skolastika aliirudisha simu kwa mwenyewe upesi, akaenda kukanda ngano kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Lakini kila Jumapili anaandika barua na kumpa dereva wa gari la Kibondo. Anauliza habari za kliniki, anauliza kisigino, na kila k katika barua hizo inapiga hatua.

Wewe uliyeisoma habari hii, usiikunje ukaificha. Mpe anayefanya kazi kando yako, hasa yule ambaye chupa yake ya maji haikauki. Kama hajui kusoma, msomee, na ukifika kwenye lile neno la sukari, litamke lote.